Wanamuziki wa kantri na blugrasi katika filamu za zamani

Wanamuziki wa kantri na blugrasi katika filamu za zamani ni waimbaji na wapigaji ala wa Marekani walioonekana katika sinema tangu filamu zilipoanza kutoa sauti, mwishoni mwa miaka ya 1920, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wachache kati yao, kama vile Gene Autry, Roy Rogers na Tex Ritter, walikuja kuwa waigizaji wakuu. Wengi zaidi walipewa dakika mbili tatu tu: walipiga wimbo mmoja jikoni, ghalani au kando ya moto wa makauboi, kisha hadithi ikaendelea bila wao.

Sehemu kubwa ya filamu hizo zilitengenezwa haraka na kwa fedha kidogo, na wahakiki wa wakati huo hawakuzijali. Leo zina thamani ambayo watengenezaji wake hawakuikusudia, kwani kwa wanamuziki kadhaa ndizo picha pekee zinazoonyesha jinsi walivyoshika ala zao, walivyosimama mbele ya kipaza sauti na walivyocheza walipokuwa katika ubora wao. Hata hivyo ni ushahidi wa kupokewa kwa tahadhari, kwa sababu studio ndizo zilizochagua nguo, mandhari na nyimbo, na ndizo zilizoamua nani aonekane na nani aachwe nje.

Usuli

Muziki wa kantri ulianza kurekodiwa kwa ajili ya biashara katika miaka ya 1920. Ulichanganya nyimbo za masimulizi zilizoletwa na walowezi kutoka Uingereza, Uskoti na Ayalandi, nyimbo za kanisani, na mambo mengi kutoka kwa Wamarekani Weusi, ikiwemo banjo yenyewe ambayo asili yake ni Afrika Magharibi. Redio ndiyo iliyoueneza zaidi. Kipindi cha National Barn Dance kilianza mwaka 1924 katika kituo cha WLS mjini Chicago, na mwaka uliofuata kituo cha WSM cha Nashville, jimbo la Tennessee, kilianzisha kipindi ambacho baadaye kiliitwa Grand Ole Opry.

Kampuni za santuri ziliuita muziki huo kwa jina la dharau lenye maana ya "washamba wa milimani". Jina hilo liliwafuata wanamuziki hadi kwenye sinema. Filamu ya The Jazz Singer ya mwaka 1927 ilipothibitisha kwamba watazamaji walitaka kusikia watu wakiimba kwenye skrini, studio zilianza kutafuta waimbaji kila mahali, na waliotoka mashambani walikuwa na sifa mbili zilizozipendeza studio: walikuwa tayari na wasikilizaji wa redio, na malipo yao yalikuwa madogo.

Blugrasi ni tawi lililochipuka baadaye, katika miaka ya 1940, kutoka kwa bendi ya Bill Monroe wa Kentucky iliyoitwa Blue Grass Boys. Hupigwa kwa mandolini, fidla, gitaa, besi na banjo ya nyuzi tano, kwa kawaida bila ngoma wala ala za umeme.

Jimmie Rodgers na The Singing Brakeman

Filamu ya kwanza yenye uzito katika historia hii ni fupi sana, ya takriban dakika kumi. Inaitwa The Singing Brakeman na ilipigwa mwaka 1929 mjini Camden, New Jersey, ambako kampuni ya santuri ya Victor ilikuwa na makao yake. Anayeimba ni Jimmie Rodgers (1897–1933), kijana wa Mississippi aliyewahi kufanya kazi ya kufunga breki za garimoshi kabla ya kifua kikuu kumwondoa relini.

Mandhari ni mkahawa wa stesheni. Rodgers anaingia akiwa amevaa nguo za kazi za wafanyakazi wa reli, anaombwa kuimba na wanawake wawili waliomo, anakaa na gitaa lake na kuimba nyimbo tatu: Waiting for a Train, Daddy and Home na mojawapo ya nyimbo zake za yodeli, yaani uimbaji wa kurusha sauti kutoka kifuani hadi kichwani kwa ghafla. Kamera inasogea kidogo tu. Hakuna hadithi ya maana wala mabadiliko ya mavazi, na kwa sababu hiyo filamu hii ni bora kuliko nyingi zilizoifuata: mtazamaji anaona vidole vyake, anaona jinsi anavyotabasamu kabla ya yodeli, na kusikia jinsi mapigo ya gitaa yanavyofuata maneno badala ya kufuata saa.

Rodgers alifariki tarehe 26 Mei 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Hakuna filamu nyingine inayojulikana inayomwonyesha akiimba.

Santuri zake zilisafiri mbali kuliko picha yake. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya nyimbo kadhaa zilizomtaja "Chemirocha", jina lililotokana na matamshi ya Jimmie Rodgers. Watu walikuwa wamesikia sauti yake kwenye gramafoni bila kumwona aliyeitoa. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, katika wimbo wa wasichana Chemirocha alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa.

Makauboi waimbaji

Katika miaka ya 1930 mwanamuziki wa kantri aliyetaka kufika Hollywood alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ni kuvaa kofia pana na kupanda farasi. Mlima na kibanda vilihusishwa na ujinga na umaskini. Kauboi alikuwa shujaa. Waimbaji waliotoka Tennessee, Ohio au Georgia, ambao hawakuwahi kuchunga ng'ombe, walivaa buti zenye nakshi na kuimba kuhusu nyika za magharibi.

Aliyefungua njia hiyo ni Gene Autry (1907–1998), aliyezaliwa Tioga, Texas. Alianza kwa kumwiga Jimmie Rodgers, akapata umaarufu kupitia WLS ya Chicago, kisha mwaka 1934 akapewa nafasi ndogo katika In Old Santa Fe, filamu ya Ken Maynard. Nafasi hiyo ya dakika chache ilipendwa kiasi kwamba mwaka uliofuata alipewa filamu ya mfululizo yenye sura kumi na mbili, The Phantom Empire. Hadithi yake haifanani na nyingine yoyote. Chini ya shamba la Autry kuna ufalme wa siri wenye roboti na mashine za ajabu, na kila mara shujaa anapotekwa huko chini ni lazima atoroke arudi juu kwa wakati ili aimbe katika kipindi chake cha redio, la sivyo atapoteza mkataba na shamba. Ni upuuzi, lakini ni upuuzi unaosema kweli kuhusu maisha ya wanamuziki wa wakati ule: filamu ilikuwa ziada, na redio ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba.

Kuanzia Tumbling Tumbleweeds (1935) Autry alifanya kazi na studio ya Republic na kuwa nyota mkubwa. Katika filamu zake alizoea kuwapa nafasi wenzake wa redio na santuri. Bendi ya Light Crust Doughboys kutoka Texas inaonekana katika Oh, Susanna! na The Big Show, zote za mwaka 1936, na Patsy Montana, mwimbaji wa kike aliyevuma kwa wimbo kuhusu msichana anayetaka kuwa mpenzi wa kauboi, yumo katika Colorado Sunset (1939).

Mwaka 1938 Autry aligombana na Republic kuhusu malipo na akakataa kufika kazini. Studio ilimchukua kijana mmoja wa Ohio, Leonard Slye, mmoja wa waanzilishi wa kundi la Sons of the Pioneers, ikampa jina la Roy Rogers na kumweka katika Under Western Stars. Autry alirudi, lakini alipoingia jeshini mwaka 1942 Republic ilimtangaza Rogers kuwa "Mfalme wa Makauboi". Kundi lake la zamani liliendelea bila yeye likiwa na sauti tatu zilizosukwa vizuri kiasi kwamba hata mwongozaji John Ford alilitumia, katika Rio Grande (1950), ambamo wanaonekana kama askari waimbaji.

Tex Ritter alianza na Song of the Gringo (1936) na kuigiza katika filamu nyingi za bei nafuu. Mchango wake unaokumbukwa zaidi, hata hivyo, ni ule ambao haonekani kabisa: sauti yake inafungua High Noon (1952) ya Fred Zinnemann, na wimbo huo ulishinda Tuzo ya Oscar.

Herb Jeffries na makauboi Weusi

Sinema nyingi za Marekani wakati huo ziliwatenga watazamaji Weusi, na filamu za makauboi zilizotajwa hapo juu ziliwaonyesha watu Weusi kwa nadra, mara nyingi kama wapishi au watu wa kuchekwa. Herb Jeffries, mwimbaji wa jazi kutoka Detroit, aliamua kujaza pengo hilo. Kati ya mwaka 1937 na 1939 aliigiza kama kauboi mwimbaji katika Harlem on the Prairie, Two-Gun Man from Harlem, The Bronze Buckaroo na Harlem Rides the Range, filamu zenye waigizaji Weusi zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi zilizohudhuriwa na Weusi. Bajeti ilikuwa ndogo hata kwa vipimo vya filamu za bei nafuu, na wakati mwingine inaonekana. Wazo lenyewe halikuwa la kubuni, kwa sababu makauboi wengi halisi wa karne ya 19 walikuwa Weusi. Baadaye Jeffries aliimba na bendi ya Duke Ellington.

Roy Acuff na filamu ya Grand Ole Opry

Mwaka 1940 Republic ilitoa filamu iliyoitwa Grand Ole Opry, iliyoongozwa na Frank McDonald. Waigizaji wakuu walikuwa Weaver Brothers and Elviry, kundi la wachekeshaji kutoka Missouri lililokuwa limezunguka majukwaa ya Marekani kwa miaka mingi likiigiza washamba. Hadithi ni ya meya wa mji mdogo anayepambana na wanasiasa wajanja. Lakini studio iliwaita pia wasanii halisi wa Opry, na hao ndio sababu ya filamu kukumbukwa.

Roy Acuff (1903–1992) yumo na bendi yake, Smoky Mountain Boys. Yumo mtangazaji George D. Hay, aliyekipa kipindi hicho jina lake. Na yumo Uncle Dave Macon, aliyezaliwa mwaka 1870, ambaye alikuwa msafirishaji mizigo kwa magari ya nyumbu na hakuwa mwanamuziki wa kulipwa hadi alipofikia umri wa makamo. Katika filamu anaimba na mwanawe Dorris anayepiga gitaa. Akiwa na karibu miaka 70, mzee huyo anaizungusha banjo, anainuka na kucheza, bila kuacha shaka kwamba alijifunza kazi hii kabla ya kuwepo kwa redio, wakati mpigaji alilazimika kuonekana hadi kiti cha nyuma kabisa. Santuri zake ni nyingi, na hakuna inayoweza kueleza hilo.

Asiyeonekana ni DeFord Bailey, mpigaji kinanda cha mdomo, Mwamerika Mweusi aliyekuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo na wapendwa zaidi wa Opry. Filamu iliyobeba jina la kipindi ilitengenezwa bila yeye, na mwaka uliofuata aliondolewa kwenye kipindi chenyewe. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri mwaka 2005, miaka mingi baada ya kifo chake.

Acuff alirudi Hollywood mara kadhaa, katika Hi, Neighbor (1942), O, My Darling Clementine (1943), Night Train to Memphis (1946) na nyingine. Hakuwa mwigizaji hodari, wala hakujidai kuwa hivyo. Alichokuwa nacho ni uso mnyofu, fidla, na sauti iliyokaribia kilio, na waongozaji wenye busara walimwacha aimbe.

Picha ambayo filamu hizo zilieneza haikumpendeza kila mtu nyumbani kwake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1943 gavana wa Tennessee, Prentice Cooper, alikataa mwaliko wa sherehe ya Opry, akilalamika kwamba Acuff alikuwa akilitia jimbo aibu kwa kuifanya Nashville kuwa makao makuu ya washamba. Mwaka 1948 Acuff mwenyewe aligombea ugavana kwa tiketi ya chama cha Republican, akavuta umati mkubwa mikutanoni, na akashindwa. Huko Louisiana mambo yalikwenda tofauti. Jimmie Davis, mwimbaji wa kantri, alichaguliwa kuwa gavana mwaka 1944 na akaigiza maisha yake mwenyewe katika filamu ya Louisiana (1947) akiwa bado madarakani.

Bendi na wageni wa wimbo mmoja

Kiongozi wa bendi Bob Wills wa Texas alionekana na Tex Ritter katika Take Me Back to Oklahoma (1940). Jukwaani Texas Playboys wake walikuwa bendi kubwa ya dansi yenye ngoma, tarumbeta na saksofoni, lakini katika filamu hii ni kundi dogo la nyuzi, linaloweza kuaminika kuwa makauboi wanaopumzika. Anayetaka kujua jinsi bendi hiyo ilivyovuma ukumbini hatapata jibu kamili hapa. Ernest Tubb, ambaye sauti yake nzito ilikuja kuongoza mtindo wa nyimbo za baa, alipata nafasi katika Fighting Buckaroo (1943) na akawa nyota wa Hollywood Barn Dance (1947).

Wanawake walipewa zaidi nafasi za kuchekesha au za kupendwa. Judy Canova wa Florida, mwenye sauti iliyofundishwa vizuri, alipata mafanikio makubwa Republic kwa kuigiza msichana mshamba katika filamu kama Scatterbrain (1940) na Sis Hopkins (1941). Carolina Cotton, hodari wa yodeli, alifanya kazi na Autry katika Apache Country na Blue Canadian Rockies, zote za mwaka 1952. Dale Evans, aliyeigiza na Roy Rogers kwa mara ya kwanza katika The Cowboy and the Senorita (1944), alikuwa mwimbaji wa redio mwenye uzoefu wakati huo tayari. Wawili hao walioana mwishoni mwa mwaka 1947.

Merle Travis, mmoja wa wapigaji gitaa walioigwa sana katika muziki huu, alinaswa vizuri kuliko wengi. Mwaka 1946 alipiga filamu fupi kadhaa za dakika tatu zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine za Panoram, zilizofanana na santuri za sarafu: mteja wa baa alitumbukiza senti kumi na kutazama wimbo mmoja. Miaka saba baadaye alionekana kama askari mwenye gitaa katika From Here to Eternity (1953), pia ya Zinnemann, iliyoshinda tuzo nane za Oscar. Hapo mwanamuziki wa kantri haonekani kuwa kichekesho wala shujaa wa farasi. Ni mwanajeshi wa kawaida anayeimba nyimbo za wanajeshi.

Hank Williams

Mwaka 1951 Hank Williams alitia saini mkataba wa filamu na Metro-Goldwyn-Mayer, studio ambayo tawi lake la santuri lilikuwa likiuza rekodi zake. Hakuna filamu iliyotoka katika mkataba huo. Williams alifariki tarehe 1 Januari 1953 akiwa na miaka 29. Picha zinazotembea za mwimbaji huyo ni chache, na zinazojulikana zaidi ni zile za vipindi vya televisheni vya mwaka 1952. Studio ilirudi kwake baada ya kifo chake kwa Your Cheatin' Heart (1964), ambamo George Hamilton anaigiza huku sauti ya nyimbo ikiwa ya Hank Williams Jr., mtoto wa marehemu, aliyekuwa bado kijana mdogo.

Blugrasi na kamera iliyochelewa

Bendi ambayo wataalamu wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyokamilisha mtindo wa blugrasi ni ile ya Bill Monroe ya mwaka 1946 na 1947, yenye Lester Flatt kwenye gitaa, Earl Scruggs kwenye banjo, Chubby Wise kwenye fidla na Howard Watts kwenye besi. Hakuna filamu inayojulikana ya watu hao watano wakipiga pamoja. Kwa hiyo namna walivyokizunguka kipaza sauti kimoja, kila mmoja akisogea mbele zamu yake ilipofika, inajulikana kutokana na masimulizi, picha za kawaida na filamu za bendi zilizowaiga.

Sababu moja ni wakati. Blugrasi ilikomaa pale filamu za makauboi waimbaji zilipoanza kufifia. Sababu nyingine ni mavazi: Monroe alivaa suti na tai, na hakutaka watu wake wachukuliwe kuwa wachekeshaji. Studio hazikuwa na sanduku la kumweka mtu wa namna hiyo.

Pengo hilo lilizibwa na televisheni. Kati ya mwaka 1954 na 1956 mtayarishaji Al Gannaway alipiga filamu za rangi za wasanii wa Opry mjini Nashville, wakati ambapo televisheni nyingi bado zilionyesha nyeusi na nyeupe. Monroe yumo humo, na pia Ernest Tubb, Faron Young na wengine wengi. Flatt na Scruggs, waliokuwa wameunda bendi yao, walianza mwaka 1955 kipindi cha televisheni kilichodhaminiwa na kampuni ya unga ya Martha White, na baadhi ya vipindi hivyo vimehifadhiwa. Katika miaka ya 1960 walitoa wimbo wa kufungulia tamthilia ya kuchekesha The Beverly Hillbillies na kuonekana ndani yake, huku kundi la Dillards likiigiza familia ya Darling katika The Andy Griffith Show. Zote mbili zilikuwa bado ni hadithi za washamba, ingawa banjo haikuwa ya mzaha.

Njia nyingine ilikuwa ya filamu za kumbukumbu. John Cohen, mwanamuziki na mpigapicha, alikwenda mashariki mwa Kentucky na kutengeneza The High Lonesome Sound (1963), inayomfuata Roscoe Holcomb, mfanyakazi wa ujenzi na mpigaji banjo aliyekuwa hana ajira ya kudumu. Filamu inaonyesha kanisa, migodi, vibarazani na vilevile Monroe na bendi yake. Katika filamu ya Hollywood umaskini wa milimani ulikuwa pazia la nyuma, lakini hapa ndio maisha ya mtu anayeimba, na kamera haimwombi achekeshe.

Bluegrass Country Soul, iliyoongozwa na Albert Ihde na kupigwa katika tamasha la Camp Springs, North Carolina, mwaka 1971, iliwakuta Ralph Stanley, Jimmy Martin, Osborne Brothers, Country Gentlemen na Earl Scruggs mahali pamoja, pamoja na vijana wawili katika bendi ya Stanley ambao baadaye walipata umaarufu mkubwa, Ricky Skaggs na Keith Whitley.

Filamu za maonyesho za miaka ya 1960

Kadiri Nashville ilivyokua kuwa kitovu cha biashara ya muziki, ilianza kutoa filamu zake yenyewe kwa ajili ya sinema za wazi za magari na miji midogo ya kusini. Second Fiddle to a Steel Guitar (1966) na The Road to Nashville (1967) ni mifano inayojulikana. Hadithi ndani yake ni kisingizio cha kupanga msururu wa wasanii. Katika ya pili mtu kutoka Hollywood anatumwa Nashville kutafuta waimbaji, na kinachofuata ni wimbo baada ya wimbo: Marty Robbins, Kitty Wells, Johnny Cash, Waylon Jennings, Osborne Brothers, Stonemans. Kama sinema ni dhaifu, lakini kwa mwanafunzi wa muziki ni ghala.

Cash alikuwa ameshajaribu uigizaji wa kawaida katika Five Minutes to Live (1961), akiwa jambazi anayeshikilia mateka, na alirudi katika A Gunfight (1971) pamoja na Kirk Douglas, filamu iliyofadhiliwa na kabila la Waapache wa Jicarilla.

Jim Reeves, ambaye nyimbo zake laini zilipendwa sana Afrika na bado husikika katika redio za Kenya, aliigiza kama nyota katika filamu moja tu, na hiyo haikutengenezwa Marekani. Kimberley Jim ilipigwa Afrika Kusini, wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi, na inahusu wacheza kamari wawili wanaojipatia mgodi wa almasi. Reeves alifariki katika ajali ya ndege mwezi Julai 1964, kabla ya filamu hiyo kuonyeshwa Marekani.

Banjo bila mpigaji

Filamu mbili zilizoipa blugrasi wasikilizaji wengi zaidi hazikuwaonyesha wanablugrasi maarufu hata kidogo. Katika Bonnie and Clyde (1967) ya Arthur Penn, magari ya majambazi yanakimbia kwa mdundo wa Foggy Mountain Breakdown, iliyorekodiwa na Flatt na Scruggs mwaka 1949. Kihistoria hailingani, kwani majambazi hao wawili waliuawa mwaka 1934, Scruggs alipokuwa mtoto wa miaka kumi. Watazamaji wachache walijali. Wimbo ulipanda upya katika chati na kushinda tuzo ya Grammy.

Katika Deliverance (1972) mvulana wa milimani anashindana kwa banjo na mgeni mwenye gitaa. Mvulana aliyeonekana hakujua kupiga, na mkono wa kushoto unaoonekana kwenye nyuzi ulikuwa wa mtu mwingine aliyefichwa nyuma yake. Wapigaji halisi walikuwa Eric Weissberg na Steve Mandell, na rekodi yao ilifika nafasi ya pili katika chati ya Billboard mwaka 1973. Wimbo ulitokana na ule ambao Arthur Smith na Don Reno waliurekodi mwaka 1955. Smith, ambaye jina lake halikutajwa, alikwenda mahakamani na kushinda. Kuhusu taswira, filamu hiyo iliwarudisha watu wa milimani mahali pabaya kuliko pale Republic ilipowaacha: kwanza walichekwa, sasa waliogopwa.

Uhifadhi

Filamu za kabla ya mwanzo wa miaka ya 1950 nyingi zilichapwa kwenye utepe wa nitrati, unaooza na kuwaka moto kwa urahisi. Hatari nyingine ilitoka kwa televisheni. Republic ilipouza filamu zake kwa vituo vya televisheni, nyingi zilikatwa hadi dakika 54 hivi ili kutosha katika saa moja yenye matangazo. Rogers na Autry walikwenda mahakamani kuzuia filamu zao zisitumiwe hivyo, na hatimaye walishindwa. Wahariri walipotafuta cha kuondoa, mapigano na farasi vilibaki kwa sababu hadithi ilivihitaji, na nyimbo ndizo zilizotupwa mara nyingi.

Kwa miongo kadhaa watazamaji wengi walizijua filamu hizo katika hali hiyo tu. Autry, aliyekuwa mfanyabiashara tajiri, alikusanya nakala za filamu zake na kusimamia urejeshaji wake katika urefu wa awali. Filamu nyingi za wenzake wenye majina madogo hazikuwa na mtu wa kuzigharimia, na baadhi zinapatikana leo katika nakala zilizokatwa pekee.